Jiwe la figo milimita 13: mawimbi mara mbili, leza mara moja, na kile tafiti zinasema kuhusu hizi huduma

Nianze na lililoniuma alafu nitarudi kwenye mazuri, manake mazuri yapo na ni mengi. Siku nimeambiwa nina jiwe la milimita 13 kwenye figo ya kushoto, daktari wa hospitali ya kwanza (jina silitaji) alinitazama akaniambia, "Dada usiogope, hukatwi popote, mashine inapiga mawimbi kutoka nje na watu wanane kwa kumi wanapona." Nikashukuru sana, nikasaini fomu palepale. Hakuna aliyeniambia kwamba jiwe langu limekaa kwenye kitako cha figo, kile kijumba cha chini kabisa, na kwamba hao wanane kwa kumi sio watu wenye mawe ya kukaa huko. Nimepigwa mawimbi mara mbili na mwisho wa yote bado nikaingizwa kamera. Kwahiyo haya ni maoni yangu ya huduma zote mbili nilizopitia, na ya tatu, kutobolewa tundu dogo mgongoni ili jiwe litolewe, ambayo sikuipitia ila nimeisoma na nimelala wodi moja na mama aliyeifanyiwa.

Tuanze na mashine ya mawimbi, ile inayolivunja jiwe kwa mapigo kutoka nje ya mwili. Unalala kwenye meza, kuna mto wa maji unaokugusa ubavuni, wanapaka jeli, wanalitafuta jiwe kwa eksirei au altrasaundi, wakishalipata ndo zinaanza: tak, tak, tak. Mlio ni kama mtu anagonga meza kwa rula, na kwenye ngozi unasikia kama mpira wa kufungia noti umevutwa ukaachiwa. Mara ya kwanza yule fundi alienda haraka, nilikuwa nahesabu kimoyomoyo nikaona ni karibu mapigo mawili kila sekunde. Mara ya pili fundi mwingine, yeye alianza na nguvu ndogo akapandisha polepole, pigo moja kwa sekunde, na nilivumilia vizuri zaidi. Baadae nikaja kusoma kwamba hili jambo limefanyiwa utafiti kabisa, wagonjwa wamegawanywa kwa kura, wengine mapigo 120 kwa dakika wengine 60, na wale wa polepole mawe yao yalivunjika vizuri zaidi. Sasa kama hili linajulikana kwa nini mtu apigwe mbiombio? Hata kama foleni ni ndefu, hapo naondoa nyota moja bila huruma.

Lakini mashine yenyewe naiheshimu. Mgonjwa wa kwanza duniani kutibiwa hivi alikuwa Munich, Ujerumani, Februari 1980, na wakati ule mtu alikuwa anazamishwa kabisa kwenye beseni la maji. Kabla ya hapo jiwe kubwa kwa watu wengi lilimaanisha kupasuliwa ubavu, kovu refu na kupona kwa muda mrefu. Mimi nililala pale chini ya saa nzima, jioni nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Mkojo ulikuwa na damu siku mbili, nikaambiwa nichuje mkojo kwa kichujio, nikapata mchanga mchanga wa rangi ya kahawia na vipande vidogo kama vichwa vya pini. Furaha niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuielezea.

Baada ya mara ya pili wakanipiga eksirei ya kawaida wakasema umepona, nenda. Wiki ya tano maumivu yakarudi, yale ya ubavuni yanayoshuka mpaka kwenye kinena, unatapika huku unatafuta pa kulala hupati. Nikaenda hospitali nyingine, wakafanya CT, ile picha ya kompyuta ya ndani ya mwili, jiwe lipo la milimita 8 na vipande vingine pembeni yake vimetulia kulekule chini. Yaani eksirei haikuona, CT imeona.

Daktari wa hospitali hii ya pili ndo aliyenifungua macho. Alichora figo kwenye karatasi kama ua lenye vikombe vikombe, akasema, "Dada, mawimbi yanavunja, hayatoi. Kutoa ni kazi ya mkojo wako. Jiwe likiwa juu au katikati vipande vinateremka, likiwa kitakoni vinatakiwa kupanda mlima kwanza." Basi. Sentensi tatu tu, na hospitali ya kwanza ilishindwa kunipa hata moja. Akaniambia pia kwamba ile CT inapima ugumu wa jiwe kwa kipimo kinaitwa Hounsfield, na likizidi 1000 mawimbi yanapata shida kulivunja, langu lilikuwa 1150. Kwahiyo jiwe gumu, limekaa pabaya, na mwanzo lilizidi sentimita moja. Vitu vyote vitatu vilikuwa vinanipinga na mimi nimetajiwa wanane kwa kumi.

Hapo ndo nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, na nataka niwaeleze nilichokipata manake ndo sehemu ambayo ningependa ningekuwa naijua kabla sijasaini.

Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2001, wagonjwa 128, wote mawe yao yako kitakoni mwa figo, wakagawanywa kwa kura: hawa mawimbi, hawa kutobolewa mgongoni. Baada ya miezi mitatu waliobaki bila jiwe kabisa upande wa mawimbi walikuwa asilimia 37, upande wa kutobolewa asilimia 95. Na waandishi wenyewe wakasema mawe yaliyozidi milimita 10 ndo mawimbi yanayashindwa zaidi. Hilo ni jiwe langu, milimita 13. Sio themanini, thelathini na saba, na kwa ukubwa wangu pengine chini ya hapo. Nilipoisoma ile namba nilifunga simu nikakaa tu.

Alafu kuna wa pili ulitoka 2005, wagonjwa 78, mawe ya kitakoni tena ila madogo, yasiyozidi sentimita moja, safari hii mawimbi dhidi ya kamera inayopita njia ya mkojo. Wakapima kwa CT: mawimbi asilimia 35, kamera asilimia 50, na kwa idadi ile ndogo ya watu tofauti hiyo haikutosha kusema kamera imeshinda. Ila angalia kitu kingine, walipoulizwa kama wangerudia matibabu yaleyale, wa mawimbi asilimia 90 walisema ndio, wa kamera 63. Kwahiyo wagonjwa wenyewe walipima kitu kingine tofauti na CT, walipima maumivu na siku za kukaa bila kwenda kazini. Mimi nawaelewa, nimepita kote kuwili.

Sasa ile namba iliyonichanganya zaidi ni ya zamani, utafiti wa London uliotoka 1986, wagonjwa 1052. Huu nausimulia polepole kwa sababu umenifundisha kuliko yote. Walilinganisha upasuaji wa wazi, yaani ule wa kupasua ubavu, na kutobolewa tundu dogo mgongoni, watu 350 kila upande, pamoja na kundi la mawimbi. Kufaulu maana yake jiwe limeisha au limebaki chini ya milimita 2 baada ya miezi mitatu. Upasuaji wa wazi watu 273, asilimia 78. Kutobolewa watu 289, asilimia 83. Unasema basi kutobolewa ni bora, ugomvi umeisha. Sasa wagawanye kwa ukubwa wa jiwe. Wenye mawe madogo, chini ya sentimita 2, upasuaji wa wazi ulifaulu 81 kati ya 87 ambayo ni asilimia 93, kutobolewa 234 kati ya 270, asilimia 87. Wenye mawe makubwa, wazi 192 kati ya 263, asilimia 73, kutobolewa 55 kati ya 80, asilimia 69. Umeona? Kwenye madogo wazi umeshinda, kwenye makubwa wazi umeshinda, ukijumlisha wote wazi umeshindwa!

Mimi nilichukua karatasi nikapiga hesabu mwenyewe mara tatu nikidhani nimekosea. Sijakosea. Siri iko hapa: waliopasuliwa wazi wengi walikuwa na mawe makubwa, 263 kati ya 350, na waliotobolewa wengi walikuwa na madogo, 270 kati ya 350. Jiwe dogo linatoka kirahisi kwa njia yoyote ile. Kwahiyo ile asilimia 83 ilibebwa na wepesi wa mawe, sio na ubora wa njia. Na hawakugawanywa kwa kura, waliopasuliwa wazi walikuwa wa miaka ya 1972 mpaka 1980 na waliotobolewa wa 1980 mpaka 1985, yaani ni watu wa nyakati mbili tofauti. (Hapa simshauri mtu aende kupasuliwa ubavu, kupona kwake ni kugumu na siku hizi ni mara chache sana inahitajika. Nasema kuhusu namba.)

Na ndicho kilichonipata mimi. Nilipewa wastani wa mawe ya watu wote, wa ureta (ule mrija wa kutoka figo kwenda kibofu), wa juu, wa katikati, madogo na laini, nikavalishwa mimi wa kitakoni mwenye jiwe gumu.

Ili niitendee haki ile mashine, kuna utafiti mkubwa wa Uingereza, matokeo yake yalitoka 2022, watu 613 wenye jiwe kwenye ureta. Nusu wakaanza na mawimbi, nusu na kamera. Waliohitaji matibabu mengine zaidi ndani ya miezi sita walikuwa asilimia 22 upande wa mawimbi na asilimia 10 upande wa kamera. Ukiugeuza, karibu watu 78 kwa mia waliopigwa mawimbi walimaliza bila kuhitaji matibabu mengine zaidi. Hao ndo wanane kwa kumi! Wapo kweli, daktari yule hakudanganya, ila wako kwenye ureta na mimi niko kwenye figo. Kama jiwe lako liko kwenye ureta na huna haraka, mimi mwenyewe ningekwambia jaribu mawimbi kwanza, hapo naipa mashine nyota nne na nusu.

Haya, kamera na leza. Hii ndo iliyonimalizia kazi. Nilipigwa nusu kaputi, hamna kukatwa popote, kamera nyembamba inaingia njia ya mkojo, inapita kibofu, inapanda ureta mpaka ndani ya figo, na kichwa chake kinajikunja kufika mpaka kitakoni. Alafu uzi wa leza unapita ndani ya hiyo kamera unaligusa jiwe na kulisaga, vipande vikubwa vinavutwa nje kwa kikapu kidogo cha waya. Nimeamka, nimekaa usiku mmoja, kesho yake nimetoka.

Kitu ambacho watu hawaambiwi vya kutosha ni stenti. Ni mrija laini wamekuachia ndani, ncha moja imejikunja kwenye figo na nyingine kwenye kibofu, ili ureta isizibe kwa uvimbe. Mimi nilikaa nayo siku tisa na zile siku tisa zilikuwa mbaya kuliko upasuaji wenyewe. Kila ukikojoa maumivu yanapanda ubavuni kwa sababu mkojo unarudi juu kupitia ule mrija, unasikia kukojoa kila nusu saa, ukitembea sana mkojo unakuwa mwekundu. Nesi mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, kunywa maji na usijikaze, na ukipata homa usisubiri asubuhi." Hayo ya homa yashikeni kwa nguvu, jiwe lililoziba pamoja na homa ni dharura, hapo hata jiwe halishughulikiwi kwanza, mkojo uliokwama unatolewa kwanza ndo mengine yafuate.

Jambo zuri sana la hospitali hii, walinipa kadi yenye tarehe ya kutolewa stenti imeandikwa kwa wino mwekundu, na siku mbili kabla wakanipigia simu. Inaonekana jambo dogo lakini kuna watu stenti zao zinasahaulika ndani miezi mpaka miaka, nayo inaota mawe juu yake, kuitoa inakuwa upasuaji mwingine. Kwa kadi ile peke yake nyota tano.

Kutobolewa mgongoni nitasema kifupi kwa vile sikufanyiwa. Yule mama wa kitanda cha pili alikuwa na jiwe la sentimita 3 na kitu lililojaza figo kama mizizi, na kwa mawe yaliyozidi sentimita 2 miongozo ya madaktari inaitaja njia hii kwanza. Tundu la kama sentimita moja mgongoni, wanalivunja jiwe na kulitoa moja kwa moja. Alitoka na mrija mgongoni, siku ya kwanza mkojo ulikuwa damu tupu, siku ya tatu alikuwa anatembea korido nzima na mfuko wake mkononi. Damu ndo hofu kubwa ya njia hii, kuna wanaohitaji kuongezewa. Ila inatoa jiwe kuliko zote, ile asilimia 95 niliyoitaja juu haikuja bure. Daktari wangu alinitajia hata mimi kama chaguo, akanieleza faida na hatari, akaniacha nichague, nikachagua kamera nikijua naweza nisitoke safi kabisa.

Na kuna jambo aliniuliza kabla sijaingia thieta lililonifanya nimwamini moja kwa moja. Kwenye CT kulikuwa na kijiwe kingine cha milimita 4 upande wa kulia, hakiniumi, sikijui hata. Akasema kuna utafiti ulitoka 2022, mdogo, watu 73, wote wanaingia kutolewa jiwe moja na wana vijiwe vingine vidogo vilivyotulia. Nusu wakatolewa na vile vidogo palepale, nusu wakaachiwa. Katika miaka kama minne iliyofuata, waliotolewa asilimia 16 walipata tatizo tena, walioachiwa asilimia 63. Bei yake ni kama dakika 25 zaidi chini ya nusu kaputi. "Nikitoe au nikiache?" Nikamwambia kitoe. Hivi ndivyo namba inatakiwa itolewe kwa mgonjwa: watu gani, wangapi, walipimwaje, inakugharimu nini.

Kwa hiyo ukienda kumuona bingwa, mimi nakuomba, usiulize mashine inafanikiwa asilimia ngapi. Uliza kwa jiwe la ukubwa huu, la ugumu huu, likiwa hapa lilipo, ni wangapi wanatoka bila kipande, baada ya kurudia mara ngapi, na mtaniangalia kwa CT au kwa eksirei. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Kuna tafiti zinazohesabu kipande cha milimita 4 kama umepona, nyingine chini ya 2, nyingine wanataka sifuri kabisa, na ukiangalia kwa eksirei waliopona wanaongezeka bila jiwe hata moja zaidi kutoka. Mimi nimeshakuwa mmoja wa waliopona wa aina hiyo, kwa wiki tano.

Mwezi wa tatu baada ya leza nilirudi kwa CT. Daktari akageuza skrini ili na mimi nione, kulia hamna kitu, kushoto chini kuna kidoti cheupe kimoja. Akasema, "Hujatoka safi kabisa dada, kimebaki kimoja, milimita 2." Akakiandika hivyohivyo kwenye faili langu, kimebaki kimoja, akanipa tarehe ya kurudi.